Wali Uliobaki Daku

Nilipowaambia watu wa nyumbani Mombasa kwamba nasomea afya ya jamii Dubai, maswali yalikuwa yale yale. Utakuwa daktari? Hapana. Nesi? Hapana. Basi utamtibu nani? Nikijibu kwamba simtibu mtu, kwamba nasoma jinsi watu wengi wanavyougua kwa pamoja na sababu zake, kwenye simu mama mdogo anasema, "Haya mwanangu, Mungu akusaidie," kwa sauti ile ya kumpa pole aliyefeli.

Mimi sikuona taabu. Shaka nimezaliwa nayo. Tangu utotoni sinywi maziwa bila kuyanusa, na nikiambiwa mgeni amepita kusalimia tu, nauliza alitaka nini. Shangazi yangu alikuwa akinitania kwamba hata malaika akija kunichukua nitamdai kitambulisho mlangoni. Kwa hiyo siku ya kwanza chuoni, mwalimu wetu wa magonjwa ya mlipuko, mama wa Kisudani mwenye miwani mizito, aliposema kazi yetu ni kutoliamini jibu la kwanza, nilijiona nimefika kwetu.

Mwaka wa pili walitutoa darasani. Tulipangwa wawili wawili tukapelekwa mtaa wa Satwa, kwa ruhusa, kuwauliza watu kuhusu hewa, maji na mahali wanapopikia. Swali moja lilikuwa: chumbani mnalala wangapi? Hapo ndipo midomo ilipofungwa. Kulikuwa na fundi cherehani, Mkenya wa pwani kama mimi, aliyekuwa akicheka nasi vizuri mpaka tulipofika kwenye swali hilo. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi nusu, na niliona vitanda vya ghorofa vimebanana ukutani. Akakitazama kitambulisho changu kilichoning'inia shingoni, akasema, "Sisi ni wachache tu, alhamdulillahi."

"Wachache wangapi, kaka?"

"Wachache, dada. Khalas."

Mwenzangu, msichana wa Kihindi, alikasirika. Mimi nilimwelewa fundi. Alidhani tumetumwa na baladia, manispaa, wanaokuja kuwatoa watu waliojazana. Na tena kwetu watu hawahesabiwi hovyo. Bibi yangu hakuwahi kusema ana wajukuu wangapi. Ukimwuliza anasema wapo, na mazungumzo yanahamia kwenye chai.

Tulipomweleza mwalimu, hakushangaa. Alisema mtu akikudanganya kwenye utafiti usimkasirikie, jiulize jibu la kweli lingemgharimu nini. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, nilifikiri ni maneno ya kujaza kipindi.

Niliishi Karama, kwa shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Baba alifanya kazi ghalani kule Freezone, eneo la biashara huria la uwanja wa ndege, na alilala kwenye makazi ya kampuni, ambako msichana hana nafasi, ndiyo maana nikawekwa kwa shangazi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, juu ya mkahawa wa Wahindi wa Kerala ulionukia vitunguu tangu asubuhi. Shangazi na mimi tulilala chumba kimoja. Cha pili alikuwa amekipangisha vitanda viwili. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha binti wa Malindi aliyeuza manukato kwenye duka moja kubwa. Kile cha karibu na mlango kilikuwa cha dada mmoja Mganda, Mkristo, mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi. Alirudi jua likiwa limeshachomoza, analala mchana, na jioni anatoka tena na sare yake iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Shangazi alishona mapindo ya mabuibui yaliyoletwa kutoka Satwa. Cherehani ilikuwa sebuleni, dirishani, na kutoka pale aliijua nyumba nzima: nani ameingia, nani ametoka, nani ameacha taa ya choo ikiwaka. Alikuwa mwanamke wa heshima zake. Watu wa pwani waliokuja Dubai kutafuta kazi walipita kwake kabla ya kwenda popote, na neno lake kuhusu mtu lilizunguka Karama yote. Akisema fulani ni mtu safi, fulani anapata kazi. Asiposema kitu, fulani anajua la kufanya.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kabla ya joto kali. Chuo kilipunguza vipindi, nikawa narudi mapema alasiri. Siku moja katikati ya mfungo nilifungua mlango nikasikia mtu anatapika. Alikuwa shangazi, amepiga magoti chooni, kitambaa kimemtoka kichwani. Nilimshika bega, akanisukuma. Sijakaa sawa, kengele ikalia. Binti wa Malindi alikuwa amerudishwa na teksi kutoka kazini, uso umekuwa wa kijivu, ameshika mfuko wa plastiki mdomoni.

Adhana ya magharibi iliwakuta wote wawili wamelala, ndoo katikati. Nilifuturu peke yangu kwa tende na maji. Nilikuwa nimewakaangia sambusa na hakuna aliyezigusa.

Kesho yake walikuwa wameshapata nafuu, maana ugonjwa wenyewe ulikuja kwa kishindo na ukaondoka upesi. Na kilichoingia nafasi yake ni maneno. Binti wa Malindi ndiye aliyeanza. Akasema jana asubuhi aliona sufuria ya dada mlinzi kwenye friji, ile ya mchuzi wa karanga, imewekwa juu ya bakuli la mchuzi wetu wa kuku, na ilikuwa inavuja.

"Si nilisema," shangazi akajibu, ingawa sikumbuki alisema lini. "Huwezi kujua mtu anapika nini na mikono yake imetoka wapi."

Maneno yakakua. Mara sufuria ilikuwa inavuja, mara ilikuwa na harufu, mara ilikuwa na nyama isiyojulikana. Binti wa Malindi akauliza, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, mbona sisi tumeugua na yeye haumwi? Ilipofika jioni shangazi alikuwa ameamua. Alimsubiri dada mlinzi sebuleni, amekaa wima kwenye kiti cha cherehani.

"Mwanangu," alimwambia, "tumeishi vizuri. Lakini nyumba hii ni ya watu wanaofunga, na mambo ya jikoni yamekuwa magumu. Ijumaa utafute pahali pengine."

Dada mlinzi alisimama na kofia yake ya kazi mkononi. Nilingoja ajitetee. Wenzake kazini ndio waliomwombea kwa shangazi kitanda cha Karama, baada ya kutolewa nyumba mbili nyingine. Moja walisema anakoroma, nyingine walisema mafuta ya nywele yamepungua. Gari la kampuni yake lilimchukua kona ya mtaa wetu. Akihama mbali hatafika zamu, na mlinzi asiyefika zamu harudishwi kazini, anarudishwa kwao. Yote haya shangazi aliyajua.

"Sawa, mama," alisema, akavaa kofia akaenda kazini.

Hilo "sawa" lilinikera kuliko yote. Mtu asiye na kosa husema kitu. Siwezi kudai kwamba sikumshuku. Mimi humshuku kila mtu, ndio usawa wangu. Nilifungua friji nikaichomoa ile sufuria. Ilikuwa na mfuniko unaobana, kavu chini, na mchuzi wa karanga ulionukia vizuri kabisa. Niliula kijiko kimoja baada ya kufuturu, nikangoja. Hakuna kilichonipata isipokuwa kutamani kijiko cha pili.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya nilichofundishwa. Nilijua nikitoa kalamu nyumba nzima itakuwa Satwa, kwa hiyo nilifanya kichwani, huku nikimenya viazi vya futari. Kwenye mlipuko wa aina ile unajiuliza mambo ya kawaida tu. Nani aliugua, nani hakuugua. Walikula nini. Walikula saa ngapi, waliugua saa ngapi.

Walioumwa ni shangazi na binti wa Malindi. Mimi na dada mlinzi tulikuwa wazima. Daku tulilila sisi watatu tunaofunga, wali wa nazi na mchuzi wa kuku, kutoka sahani moja, na mimi sikuumwa. Dada mlinzi hakuwapo, alikuwa kazini. Alirudi asubuhi tukiwa tumeshakula na kuswali, akaweka sufuria yake kwenye friji, akalala. Na ugonjwa ulianza alasiri, kabla ya futari.

Kisu kikanisimama mkononi. Sufuria iliingia kwenye friji baada ya daku. Watu walianza kutapika kabla ya futari. Kama kweli ilikivujia chakula chetu, basi chakula hicho kililiwa lini?

Nilikaa pale jikoni nikiwa na viazi mapajani na kwa mara ya kwanza nikaiogopa shaka yangu. Walioshtaki walikuwa wamejishtaki. Hawakuweza kumlaumu dada mlinzi bila mtu fulani kuwa amekula mchana wa Ramadhani, na wote wawili walikuwa wakisema wamefunga.

Nikakumbuka pia chungu cha umeme cha kupikia wali. Asubuhi nilikiacha na wali uliobaki, kimezimwa, mfuniko umefungwa. Jioni nilikikuta kimeoshwa. Mwalimu alikuwa ametueleza kuhusu wali: kuna vijidudu ambavyo kuchemka hakuviui, na wali ukiachwa vuguvugu saa nyingi vinaamka na kutoa sumu, hasa wenye nazi na jikoni penye joto. Anayeula hutapika baada ya saa chache, kisha anapona. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote.

Nilianza na binti wa Malindi kwa sababu ni rika langu. Nilimfuata roshani alipokuwa akianika nguo.

"Juzi ulikula wali," nilimwambia. Sikuuliza.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nakwambia mimi."

Alibana nguo mbili tatu bila kunitazama. "Nilikuwa mwezini," alisema hatimaye. "Sikuwa nafunga. Nilikula kabla ya kwenda kazini, hapahapa, nyuma ya shuka nilizoanika."

"Mbona ulisema umefunga?"

"Sasa niseme nini? Wewe unaweza kula mchana mbele ya shangazi?"

"Shangazi ni mwanamke. Na dini yenyewe imekuruhusu."

"Mimi kwetu hata mama yangu hajawahi kuniona nikitafuna mchana wa Ramadhani. Mwezini au sio mwezini. Usiniletee mambo ya chuo, please."

Sikuweza kumcheka. Mimi mwenyewe, siku zangu zikifika, huwa nanunua maandazi na kuyala ndani ya choo cha wanawake cha chuo, bomba la maji likiwa wazi ili nisisikike. Wanawake wa pwani wote tunajua kwamba wenzetu hawafungi siku zile, na wote tunajifanya hatujui. Anayetuuliza umefunga, tunamjibu ndiyo, na anayeuliza anajua huenda ni uongo. Hiyo ndiyo sitara. Hakuna mwalimu wa Kisudani ambaye angeweza kuiweka kwenye swali la utafiti.

"Na dada mlinzi?" nikamwuliza. "Utamwacha ahame kwa sababu ya wali wako?"

"Mimi sikusema ahame. Shangazi ndiye aliyesema." Akabana nguo ya mwisho. "Na mimi nilikula kidogo tu, nikaacha mwingi ndani ya chungu. Mbona hujiulizi na yeye aliugua kwa nini?"

Nilikuwa nimeshajiuliza, ndiyo maana nilianza na huyu binti. Shangazi alikuwa ameshapita umri wa kuwa mwezini, tena zamani. Hakuwa msafiri. Hakuwa mgonjwa, kwa nilivyojua. Ni yeye aliyekuwa akituamsha daku, ni yeye aliyenikemea nikilala baada ya alfajiri bila kusoma Kurani.

Basi nikaanza kumpeleleza shangazi yangu, na ninavyoandika neno hilo bado linanitia aibu. Vingine nilikuwa nimeviona muda mrefu na kuvitafsiri kwa ubaya wangu. Kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi, kulikuwa na tende na biskuti; nilikuwa nimedhani anatuficha. Alikuwa akitoka asubuhi fulani fulani amevaa vizuri, haagi anakwenda wapi. Nilikuwa nimewaza kuna mzee mjane mahali fulani. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, alikuwa hamalizi usiku bila kuamka kwenda chooni, na kidole alichojichoma sindano kilikuwa hakijafunga kidonda tangu mwezi wa Shaabani. Muhula uliopita nilikuwa nimechora bango zima kuhusu ugonjwa wa sukari, lenye rangi, lililobandikwa ukumbini, na kila nilichokichora kilikuwa kikilala kitanda cha pili chumbani mwangu.

Sukari. Nilikaa kitandani nikasema neno hilo kimoyomoyo na moyo ukaniuma kabisa. Kisha shaka, ambayo haina adabu, ikaniuliza swali jingine. Shangazi anakula mchana, nyumbani. Na mchana nyumbani kuna nani mwingine?

Nilimkuta dada mlinzi akipiga pasi sare yake sebuleni, shangazi ametoka kupeleka mabuibui. Begi lake lilikuwa limeshasimamishwa kando ya mlango.

"Dada," nilimwambia, "mchana humu ndani unaona nini?"

"Mimi nalala."

"Siku zote?"

"Mlinzi analala kidogo kidogo." Pasi iliendelea kwenda na kurudi.

"Unajua kwamba shangazi hafungi."

Aliiweka pasi wima. Alinitazama kwa muda, kama anavyowatazama watu wanaotaka kuingia jengoni bila kadi.

"Hilo neno hukusikia kwangu," alisema.

"Sikusikia kwako. Lakini unajua."

"Siku ya kwanza ya mfungo nilienda jikoni kutafuta maji. Yeye alikuwa ameshika sahani hivi. Akaniona. Mimi nikarudi kulala." Akaichukua pasi tena. "Tangu siku hiyo salamu yake ilibadilika."

"Na anakufukuza, na wewe unasema sawa?"

"Nikisema, watasema Mkristo anachafua mama wa Kiislamu. Na hata wakiamini, nitapata nini? Mimi naweza kutafuta kitanda kingine. Yeye jina lingine atatafuta wapi?"

Nilibishana naye. Nilimwambia hajui hata kama atapata hicho kitanda, nilimwambia kazi yake iko hatarini, nilimwambia nitasema mimi. Alinikataza. Alisema kama nitasema, yeye atakana. Niliingia chumbani nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani, maana yule niliyemjia kama shahidi alikuwa akimsitiri aliyemdhulumu.

Shangazi aliporudi nilikwenda kukaa chini karibu na cherehani. Mkubwa haulizwi uso kwa uso, unazunguka kwanza. Nilimwuliza habari za Satwa. Nilimwuliza kama kidole kimepoa. Halafu nikasema, "Shangazi, ule mchuzi wa kwenye friji mnaosema umevujiwa, mliula saa ngapi?"

"Futari."

"Futari hamkula. Mlikuwa mmelala."

Cherehani iliendelea kupiga. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akageuza nguo.

"Hicho chuo," alisema, "ndicho kilichokufunza kumhesabia mkubwa wako tonge?"

"Kimenifunza kuuliza, shangazi."

"Basi kauliza huko Satwa."

"Dada anahama Ijumaa. Akikosa gari atakosa kazi."

"Wewe wajua nini kuhusu kazi? Kasome."

Nilitaka kusema, najua unaumwa. Neno lilifika ulimini. Nikamwona jinsi alivyoinamisha kichwa juu ya nguo nyeusi, jinsi asivyotaka kuniangalia, na nikakumbuka swali la mwalimu, jibu la kweli lingemgharimu nini. Kwake lingemgharimu kila kitu alichokuwa nacho Karama. Na pengine alihofia kikubwa zaidi, kwamba nitampigia baba, baba ataamua dada yake mgonjwa arudi Mombasa, na baada ya miaka yote ile atashushwa nyumbani kama mzigo. Niliinuka nikaenda kukaanga viazi. Nilijiona mwoga, na bado sina hakika kama ulikuwa woga au adabu.

Ijumaa, baada ya sala, baba alikuja. Shangazi ndiye aliyemwita, aje na gari la kampuni la kuazima amsaidie mpangaji kubeba mizigo. Alikaa sebuleni, kanzu yake nyeupe bado ina mikunjo ya msikitini, akiniuliza maswali ya masomo kama kawaida yake. Binti wa Malindi alikuwa kwenye kochi na simu yake, anatembeza kidole bila kusoma kitu. Dada mlinzi alitoka chumbani amevaa nguo za kiraia. Shuka zake alikuwa amezikunja na kuziacha kitandani, ndoo ya sufuria zake mkono mmoja, begi mkono mwingine. Akasema, "Haya, tuonane."

Baba akainuka kuchukua begi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, nimeshaamua nitasema, na nimeshaamua sitasema, yote mawili kwa wakati mmoja.

Shangazi akapita kando yangu kutoka jikoni. Mkononi alikuwa na sahani. Mkate, yai la kuchemsha, na nyanya iliyokatwa. Alikwenda kwenye meza, akaisogeza nguo aliyokuwa akiishona, akaweka sahani, akaketi. Akasema bismillahi kwa sauti ya kawaida, akamega mkate, akatia kinywani.

Nje jua lilikuwa kali, ni mchana kweupe.

"Dada," baba alimwambia shangazi taratibu, "umesahau." Alisema kwa upole, maana aliyekula kwa kusahau hana kosa, na alikuwa anampa mlango wa kutokea.

"Sikusahau."

Akatafuna. Akachukua yai, akalila nusu kabla ya kusema tena.

"Nina sukari," alisema. "Tangu mwaka juzi. Daktari amenikataza kufunga. Wali wa daku niliula mimi, umeniumiza mimi. Sufuria ya huyu haikuwa na lolote."

Baba alibaki ameshika begi. Alinitazama, mimi ninayesomea afya, nikatazama sakafu. Binti wa Malindi alikuwa ameanza kulia, na sikujua kama analilia shangazi au yeye mwenyewe, maana hata sasa wali wake hakuutaja na shangazi hakumtaja.

Kisha shangazi akamgeukia dada mlinzi. Sijawahi kumwona akimwangalia mtu mdogo kwake namna ile, kama anayengoja kuhukumiwa.

"Sikukutoa kwa ajili ya sufuria," alimwambia. "Nilikutoa kwa sababu uliniona. Na wewe hukusema hata kwa huyu," akanionyesha kwa kidevu, "anayemchimba kila mtu."

Dada mlinzi aliweka ndoo yake chini. Alivua viatu, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji akaiweka karibu na sahani. Halafu akavuta kiti cha pili, akaketi mkabala na shangazi, akamega mkate kutoka sahani ile ile. Wakala pamoja, mchana wa Ijumaa ya Ramadhani, mbele ya baba yangu, polepole, mpaka sahani ikaisha.